Rejeta ya Nusu Mbili

Kwenye hitima ya Fundi Rajabu, pale Mabwerebwere, kijana mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri alisimama akasema marehemu alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti. Nikaguna. Wanawake niliokaa nao mkekani wakanigeukia, mmoja akanifinya paja. Jamani, mpole! Fundi Rajabu niliyemjua mimi alikuwa akiitukana nati iliyogoma mpaka kuku wanahama uani. Nimelia msibani kwake, tena kwa sauti, na niliyekuwa namlilia ni yule mkali. Yule kijana hana kosa, yeye alimkuta mzee ameshachoka, pumu imemkalia kifuani, anaongea neno moja anapumzika. Mimi nilimkuta ana miaka hamsini na kitu, mikono imejaa grisi na ulimi haulali, mwaka ule wa mashine ya kusaga. Nataka kuueleza mwaka huo sasa, maana siku hizi naingia chumbani nasimama katikati nimesahau nilichofuata, na sitaki siku moja niusahau na huo.

Mambo ya ukoo wangu nayaacha, hayana tamu wala chungu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshaolewa na nimeshaachika, naishi chumba cha uani kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Chausiku, katika kijiji cha ujamaa upande wa Kilangali, kwenye barabara ya vumbi inayokwenda Mikumi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie pale. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na watu walikuwa bado wanapotea, mtu anaingia nyumba ya jirani anakaa mpaka aone sufuria si yake. Kijiji kikapewa mashine. Kamati ikatafuta mtu wa kuiendesha anayejua kusoma na asiye na mtoto mgongoni, wakanipa mimi kwa majaribio ya msimu mmoja. Nikakabidhiwa ufunguo wa chumba cha mashine, nikaufunga kwenye pindo la khanga. Siwezi kumweleza msichana wa leo ufunguo ule ulikuwa nini kwangu. Miaka minne nilikuwa nikiitwa mke wa fulani, kisha mtalaka wa fulani, na sasa watu wananipigia hodi wananiita Binti Mashine. Ufunguo huo nililala nao chini ya mto.

Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali mabichi, bati juu, dirisha moja lisilo na kioo. Ukuta wa nyuma ulikuwa mmoja na ofisi ya kijiji, na haukufika bati, hivyo Mwenyekiti akikohoa mimi nasikia. Kila kitu kilikuwa cheupe kwa unga, hata buibui. Jioni nikirudi Mama Chausiku alinipangusa kwanza na upande wa khanga kabla hajanipa chakula, halafu tunakaa jikoni kwenye vigoda tunakula ugali wa dona na mlenda, na kila siku, kila siku kabisa, akimega tonge la kwanza anasema, “Na leo sijatwanga mimi.” Anasema hivyo anayaangalia mabega yake, kama anayapa habari.

Injini ilikuja na rejeta yake ya kupoozea maji, nayo haikumaliza mwaka. Maji tuliyoijazia yalikuwa ya mtoni, yana tope, rejeta ikaziba, ikaoza, ikawa inatiririka kila upande. Mpya haikupatikana. Wakati ule hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kutafuta, sembuse rejeta. Vinu vikatolewa tena uani. Mama Chausiku akaacha kusema maneno yake ya jioni, akala kimya, na mimi nikaendelea kufagia chumba cha mashine kila asubuhi ingawa hakikuwa na cha kufagia. Ndipo Mwenyekiti akamwita Fundi Rajabu kutoka Kilosa, aliyekuwa amefanya kazi karakana ya reli miaka mingi kabla ya kufungua gereji yake ya mabati. Alifika akaizunguka injini mara mbili bila kusalimia mtu.

“Injini ni nzima,” akasema. “Inaumwa kiu tu.”

“Rejeta mpya tumeshaiandikia barua,” Mwenyekiti akamwambia.

“Barua haipoozi injini, Mwenyekiti.”

Akaniagiza nipime mdomo wa bomba la maji la injini. Rula sikuwa nayo. Nikaokota gunzi la hindi sakafuni, nikalijaribu, likaingia sawasawa. Nilidhani atanitukana. Aliliangalia lile gunzi, akaligeuza, akasema, “Lifunge vizuri lisivunjike. Kesho tunakwenda nalo Mikumi.”

Mikumi kulikuwa na gereji moja kando ya barabara kuu ipitayo mbugani, na nyuma yake uwanja wa magari mabovu umeota nyasi. Mwenyewe alikuwa mtu mnene wa kaptula, mcheshi. Fundi alipomwambia anatafuta rejeta nzima ya lori, alicheka mpaka akakalia tairi.

“Rejeta nzima? Hapa? Bwana, magari ya Mikumi yote yanakufa kwa pua! Lile lilimvaa nyati. Lile nalo nyati. Lile pale tembo, hata usilisogelee, linatia huruma.”

“Lililogonga twiga je? Twiga anaangukia paa, rejeta anaiacha.”

“Twiga mwaka huu hawajagongwa.”

Fundi akasonya kama vile twiga wamemkosea kwa makusudi. Tukaanza kupita gari moja moja, yeye anafungua boneti zilizokunjamana, mimi nachomeka gunzi kwenye kila mpira wa maji nione upi unalingana. Vijana waliokuwa wakinywa chai kibandani wakaona wamepata mchezo. “Dada, unayalisha?” mmoja akauliza. Nikamjibu, “Ndiyo, pumba yamezikataa.” Wakacheka, na Fundi kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Mchana tukakaa kwenye kivuli cha basi bovu tunakula maandazi ya jana. Alikuwa anatafuna huku anaangalia malori mawili yaliyokaa pua kwa pua. Dereva mmoja alikuwa amemkwepa mnyama kwenda kulia, mwingine kushoto, na wote hawakuwahi, kwa hiyo rejeta moja ilipasuka upande huu na nyingine upande ule. Fundi akaacha andazi. “Nusu na nusu,” akasema, akainuka akafuata msumeno wa chuma.

Wiki iliyofuata tuliifanyia kazi uani kwa mashine. Tulikata nusu mbili nzima tukaziunganisha. Alipasha chuma cha kulehemu kwenye mkaa, akanionyesha risasi inavyoyeyuka na kukimbia ndani ya mshono. Mshono wa mbele alilehemu yeye. Wa nyuma akanipa mimi, kwa sababu, alisema, magoti yake hayapindi. “Unapaka siagi hapo? Inaingia hiyo, haipakwi! Bandua, anza upya.” Nilibandua mara tatu. Vidole vyangu viliungua, machozi yakanitoka kwa moshi na kwa hasira, nikamjibu kwamba kama anaona rahisi alale chini alehemu yeye. Akanipulizia mkaa. Mara ya nne alipitisha kidole hakusema kitu, akaondoka kwenda kuswali. Mpaka leo nakumbuka harufu ya risasi ya moto na ule ukimya wake, na nakumbuka nilivyobaki nimekaa chini nauangalia mshono kana kwamba nimezaa.

Mtambo wetu ulikuwa hivi. Tuliweka pipa juu ya miguu ya miti. Maji ya moto yalipanda kutoka kwenye injini kwa bomba la juu, yakaingia pipani, yakashuka kupitia rejeta yetu ya nusu mbili, ambako feni ya gari dogo, iliyozungushwa na mkanda wa injini, iliyapuliza, kisha yakarudi kwenye injini yamepoa. Pampu haikuwepo. Maji yalijizungusha yenyewe, yakichemka yanapanda, yakipoa yanashuka. Chini ya pipa Fundi alifunga koki iliyotoka kwenye tangi la mafuta la lori, ili niwe natolea tope. Juu akachora mstari kwa msumari, vidole viwili juu ya mdomo wa bomba.

“Maji yakishuka chini ya mstari huu hayafiki bombani, hayazunguki tena, injini inaungua. Ikitokea, usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Zima, kaa, ipoe. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Sema.”

Nikasema yote mbele ya watu kama mtoto wa darasa la kwanza. Injini ikawashwa, vigelegele vikapigwa, na jioni ile Mama Chausiku akamega tonge akaniambia tena habari za mabega yake.

Kisha ikaja masika. Kuni zililowa hata zile za uvunguni. Zaina, jirani yetu, alikuwa amejifungua mapacha, mmoja mdogo kama sungura, na alikuja kusaga akiwa nao wote wawili, mmoja mbele mmoja mgongoni. Akaweka kiganja kwenye pipa akaruka. “Binti Mashine! Kumbe huku kuna maji ya moto, na mimi tangu asubuhi napuliza moshi?” Nilijua koki ni ya tope. Nikawaangalia wale watoto, nikasema, “Kinga, ila usijaze.” Akawaogesha pale pale kwenye beseni, wanapiga kelele, wanatoa mvuke. Nani angenyamaza na habari hiyo? Wiki haikuisha kila mwenye mtoto akawa anakuja na kopo. Foleni ya kusaga ikageuka baraza. Wanafua nepi, wanawachana watoto, wanawasema waume zao kwa sauti ya kuishinda injini, na mwanamke mmoja wa wafugaji wa bondeni alikuwa akileta vibuyu vyake vya maziwa avisuuze, ananiachia mtindi kwenye jani. Kila asubuhi nilijaza pipa mpaka juu kabisa, kuupita mstari, na nikaona mambo yanakwenda. Nimeishi sana tangu wakati huo, nimekaa kwenye sebule za watu wenye makochi, na sijakaa mahali nikapenda kama pale kwenye tope karibu na lile pipa.

Siku moja ya gulio foleni ilikuwa ndefu, injini ilinguruma tangu asubuhi bila kupumzika. Niliona maji yamepungua. Nikajiambia namalizia madebe haya matatu kwanza. Saa nane mchana sauti ya injini ikabadilika, ikawa kavu, mvuke ukatoka mahali ambapo haujawahi kutoka. Wanawake wakakimbia na watoto. Na mimi, niliyesema yote mbele ya watu, sikuzima wala sikukaa. Nilinyakua ndoo ya maji ya mtoni nikaitia kwenye mdomo wa injini. Ikalia tak! mara moja, kama fimbo kavu, ikasimama. Nikakaa kwenye unga.

Fundi alifika kesho yake kwa lori la pamba. Akafungua kifuniko cha injini. Gasketi inayoziba kati yake na injini imeungua, na kifuniko chenyewe kimepinda kidogo. Akakishika muda mrefu. Akauliza swali moja tu, bila hasira, na afadhali angenitukana.

“Maji yalikuwa mstarini?”

“Yalikuwa,” nikasema.

Chini ya koki tope lilikuwa limekanyagwa mpaka limekuwa dimbwi. Alilitazama, akanitazama mimi, akasema, “Basi inavuja rejeta yangu.” Akaifungua, akaibeba begani, akaenda nayo mtoni.

Siku mbili. Aliziba mdomo mmoja kwa gunzi na kitambaa, akaizamisha, akapuliza mdomo wa pili kwa pumzi zake mwenyewe, akitazama kama yatatoka mapovu. Hayakutoka. Anaigeuza, anapuliza tena, anakohoa. Mimi nilimpelekea chakula, wali na kunde, nikamkuta maji yamemfika kiunoni, suruali imekunjwa bure, macho mekundu. “Liko tundu,” ananiambia. “Dogo sana, ila lipo. Nitaliona.” Nikaweka sahani juu ya jiwe nikaondoka haraka. Sikuweza kumeza kitu siku hizo. Mama Chausiku akadhani nina homa akanichemshia mwarobaini, nikaunywa wote bila kukunja uso, nikiona ni haki yangu.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa nafagia, nikamsikia Mwenyekiti upande wa pili wa ukuta akimwambia Katibu, “Kesho kwenye mkutano tulimalize. Tumeambiwa na wengi, vyuma vya ajali haviwekwi kwenye mashine ya umma. Rajabu asiguse tena mashine ya kijiji chochote huku, na niwaandikie wenzangu wote.”

“Na yule binti?”

“Binti hana kosa. Aendelee kulinda chumba mpaka rejeta mpya ije.”

Nilisimama na ufagio. Yaani nikinyamaza tu, ufunguo ni wangu. Kusema hata uongo mwingine hakukuhitajika. Nilikaa pale mpaka unga niliokuwa nimeufagia ukarudi chini, na niseme kweli, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria vizuri kabisa, nikajipangia hata maneno ya kumpa pole Fundi.

Asubuhi mkutano ulijaa. Fundi alikaa benchi la mbele, rejeta miguuni, nguo hazijakauka vizuri. Mwenyekiti alipoanza tu kutaja vyuma vya ajali nikajikuta nimesimama.

“Mwenyekiti, naomba kusema.”

“La mashine?”

“La mashine. Rejeta haikuvuja. Maji niliruhusu mimi yakingwe, yakashuka chini ya mstari. Kisha nikamwagia injini maji baridi. Fundi aliniuliza nikamwongopea.”

Zaina akainuka na mapacha wake. “Mimi ndiye niliyeanza kukinga.”

“Kaa chini Zaina, hujaulizwa,” Mwenyekiti akasema.

Nilidhani Fundi atanitetea. Ah wapi! Alisimama akanielekezea kidole. “Siku mbili!” akapiga kelele. “Siku mbili, na mifupa hii, nimekaa mtoni napuliza rejeta nzima!” Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akavaa kofia yake akabeba rejeta akatoka. Mwenyekiti akanyoosha mkono. Hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilikuwa ya chini. “Binti, ufunguo.” Fundo la khanga lilikuwa limekazwa, nililifungua kwa meno mbele ya kijiji kizima. Ufunguo akapewa shemeji yake Katibu.

Lawama ya vyuma vya ajali ikaachwa. Fundi akairudisha rejeta yetu, akanyoosha kile kifuniko, akakata gasketi mpya kwenye bati la shaba, mashine ikarudi. Siku ya kuijaribu nilipanga foleni na debe langu kama wengine. Mwenyekiti akamwambia Fundi aondoe koki, azibe, na tangazo la kukataza kukinga maji liandikwe. Fundi akakataa. “Umeweka maji ya moto mbele ya mwanamke mwenye mtoto mchanga, kuni zimelowa, halafu unaandika tangazo? Atakinga tu. Koki niliiweka pabaya mimi.” Akaihamishia juu, pale pale kwenye mstari. Maji ya chini ya hapo hayakuweza kutoka hata mtu angeng'ang'ana vipi. Ukitaka ndoo ya moto, mimina kwanza ndoo yako pipani, taratibu. Wanawake walielewa kabla hajamaliza, wakaanza kusukumana. Nilipomfikia nikasema, “Shikamoo Fundi.” Akaitikia “Marahaba” akiitazama nati.

Siku ya tatu alikuja kwa Mama Chausiku. Nilikuwa uani nachambua mchele kwenye ungo, sina kazi nyingine duniani. Akakaa kwenye kigoda, akanywa uji aliopewa, akaweka bakuli chini, akajikuna ndevu. Mama Chausiku akaona bora akaangalie kuku.

“Ule mshono wa nyuma,” Fundi akasema. “Siku zote mbili nilikuwa naupuliza huo. Wangu sikuupuliza hata mara moja. Nilikuwa na hakika ni wako unaovuja.”

Nikainamisha kichwa kwenye ungo.

“Hauvuji,” akasema. Akasimama, akajikung'uta suruali. “Gereji nafungua saa moja. Lori la pamba linapita hapa alfajiri, litakushusha Kilosa. Na uje umevaa nguo usiyoipenda, grisi haitoki.”

Gauni nilikuwa nalo moja tu, la maua ya njano, na nilikuwa nalipenda mno. Nikalivaa hilohilo.